Samaki Yupi Arudishwe Majini?
Kanuni za idadi na urefu katika uvuvi wa burudani

Mvuvi wa burudani anayefuata sheria hubeba vitu vitatu: mshipi, ndoana na rula. Viwili vya kwanza humpatia samaki. Cha tatu humwambia kama samaki huyo ni wake au si wake. Akishamtoa majini humlaza juu ya ubao wenye alama za sentimeta, mdomo ukigusa kizuizi cha mwanzo wa ubao, kisha husoma alama inayofikiwa na ncha ya mkia. Aghalabu sentimeta moja tu ndiyo iamuayo kama samaki ataingia kapuni au atarudi alikotoka.

Watu wengi hudhani kwamba kanuni hii imetokana na huruma: samaki mdogo ni mtoto, basi aachwe akue. Fikra hiyo si mbaya, lakini haitoshi. Yako maziwa ambamo kumrudisha mdogo huwadhuru wenzake waliobaki, na yako mengine ambamo anayestahili kurudishwa ni yule mkubwa kuliko wote, ambaye mvuvi angependa kumpiga picha na kumpeleka nyumbani kwa fahari. Mwenye kutunga kanuni hana budi kujua kwanza samaki wa maji yale hukua kwa kasi gani, hufa kwa kasi gani, na huanza kuzaa akiwa na urefu gani. Kisha kuna swali la nne, ambalo watunga kanuni wengi wamelisahau: je, samaki anayerudishwa huishi?

Hesabu ya kundi moja

Chukuliwe mfano wa kubuni ambao mwalimu anaweza kuuandika ubaoni. Katika bwawa fulani wamo samaki 1,000 waliozaliwa msimu mmoja, na sasa wametimiza mwaka mmoja. Kwa sababu ya maradhi, njaa, ndege na samaki wakubwa, kila mwaka husalia 60 tu katika kila 100. Hivyo mwaka wa pili watakuwa 600, wa tatu 360, wa nne 216, wa tano wapata 130, na wa sita wapata 78. Wakati huohuo kila anayesalia huongezeka uzito: gramu 50 mwaka wa kwanza, kisha 150, 300, 480, 640 na 760. Mwanafunzi akizidisha idadi kwa uzito ataona kwamba kundi zima lilikuwa na kilo 50 katika mwaka wa kwanza, likafika 90 mwaka wa pili, 108 mwaka wa tatu, karibu 104 mwaka wa nne, kisha likashuka hadi 83 na hatimaye 59.

Hesabu hiyo fupi ndiyo roho ya kanuni ya urefu. Anayewavua samaki hao wakiwa na mwaka mmoja hupoteza nyama ambayo bwawa lingemwongezea bila gharama yoyote. Anayengoja hadi mwaka wa sita naye hupoteza, kwa kuwa kifo kimekwisha kuwatangulia wavuvi. Kati ya hao wawili pana umri ambao kundi huwa na uzito mkubwa kuliko nyakati zote, na katika mfano huu ni mwaka wa tatu. Kwa kuwa mvuvi hawezi kumwuliza samaki umri wake, umri hubadilishwa kuwa urefu, na urefu huandikwa katika sheria.

Urefu hupendelewa kuliko uzito kwa sababu ya urahisi: rula haihitaji kusawazishwa kama mizani, na haiyumbi mtumbwi unapoyumba. Tena urefu hueleza uzito vizuri. Samaki wa umbo lilelile akiongezeka urefu mara mbili, upana na unene navyo huongezeka mara mbili, na hivyo uzito huwa karibu mara nane. Samaki wa sentimeta 40 si sawa na samaki wawili wa sentimeta 20, bali ni sawa na wanane.

Lakini hesabu ya nyama peke yake haiangalii uzazi. Wataalamu hutofautisha namna mbili za kuvua kupita kiasi. Ya kwanza ni kuwavua samaki kabla hawajafikia uzito wao mzuri. Hapo hasara ni ya kitoweo. Ya pili ni kuwavua wazazi kiasi kwamba vifaranga wanaozaliwa hawatoshi kuijaza nafasi ya wanaokufa; hapo hasara ni ya ziwa lenyewe. Samaki anayekua haraka na kuchelewa kuzaa anaweza kuangamizwa kwa namna ya pili hata kama kila anayevuliwa ana nyama ya kutosha.

Ngege na wavu wa inchi tano

Fikra hizi si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu wa Kiingereza Michael Graham aliongoza uchunguzi mkubwa wa kwanza wa uvuvi wa Ziwa Victoria, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1929. Samaki aliyetafutwa kuliko wote wakati huo alikuwa ngege (Oreochromis esculentus), naye alikuwa akipungua katika nyavu za kutega zilizokuwa zimeingia ziwani mwanzoni mwa karne. Graham alishauri kwamba jicho la wavu, likivutwa, lisipungue inchi 5, yaani kama milimita 127. Jicho la ukubwa huo lilimpitisha ngege mchanga na kumnasa aliyekwisha kupata nafasi ya kuzaa. Ushauri ukafanywa sheria.

Sheria hiyo ilidumu kwa miaka ipatayo ishirini na kitu, ikiheshimiwa mahali na kuvunjwa mahali. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda ziliiondoa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kenya ikafuata. Hoja zilikuwepo: sheria ilikuwa ngumu kusimamia, na nyavu za macho madogo zingewapata samaki wa aina nyingine ambao wavu wa inchi tano uliwaacha. Wavuvi wakashuka kwenye macho madogo, ngege wakazidi kupungua, na kila upungufu ukawa sababu ya kushuka tena. Baadaye wageni, yaani sangara na sato, wakaimaliza kazi iliyokwisha anzwa na nyavu. Leo ngege ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu lenyewe. Husalia katika maziwa madogo ya kandokando, kama vile Kanyaboli huko Kenya.

Wavu una sifa moja ambayo ndoana haina: jicho lake huchagua urefu wa samaki lenyewe, chini ya maji, kabla samaki hajaguswa na mkono wa mtu. Ndoana huchagua njaa. Samaki wa sentimeta 15 mwenye mdomo mpana humeza chambo kilichokusudiwa mwenzake wa sentimeta 50. Kwa hiyo mvuvi wa mshipi huchagua baada ya kuvua, na si kabla. Ndiyo maana katika uvuvi wa burudani rula imechukua nafasi ya jicho la wavu.

Pale ambapo kumhurumia mdogo ni kosa

Mtu aliyewahi kufuga perege katika bwawa dogo atalielewa jambo hili bila kufundishwa. Perege huanza kuzaa mapema, tena huzaa mara nyingi. Wasipopunguzwa, baada ya mwaka bwawa hujaa samaki wa ukubwa wa kiganja, wote wakigombea chakula kilekile, na hakuna hata mmoja anayekua. Wamedumaa. Ukiweka katika bwawa hilo kanuni kwamba kila samaki aliye chini ya sentimeta 20 arudishwe, utakuwa umewalinda waliosababisha msongamano na kuwaondoa wachache waliofaulu kukua. Baada ya muda hatabaki samaki wa kufikia kipimo, na wavuvi watalalamika kwamba kipimo ni kikubwa mno, kumbe tatizo ni wingi.

Mambo haya yote yanaonekana kwa pamoja katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Mfano huo unatoka mbali, lakini una faida moja: huko uvuvi wa mshipi kwa burudani ndio unaochukua sehemu kubwa ya samaki wa maziwa mengi, hivyo kanuni zimetungwa kwa ajili ya ndoana na si kwa ajili ya wavu. Samaki anayehusika ni paiki (Esox lucius), mwindaji mwembamba mrefu wa maji baridi ya kaskazini, mwenye mdomo kama wa bata na meno kama misumari. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya jimbo ilikuwa na kanuni moja: samaki watatu kwa mtu, na mmoja tu kati yao aruhusiwe kuzidi inchi 30. Mwaka 2018 kanuni hiyo iliachwa na jimbo likagawanywa katika kanda tatu.

Kusini, paiki ni wachache, huzaliwa kwa shida, lakini hukua haraka. Huko mvuvi aliruhusiwa samaki wawili tu, na kila mmoja awe na urefu usiopungua inchi 24, karibu sentimeta 61. Hii ndiyo kanuni ya kawaida ambayo kila mtu huitarajia. Kaskazini-mashariki, kwenye maji ya baridi kali ambamo paiki hukua polepole lakini baadhi yao hufikia ukubwa wa kusifika, waliolindwa ni wakubwa: wenye inchi 30 hadi 40, yaani sentimeta 76 hadi 102, wote warudishwe. Mvuvi achukue wawili, na mmoja tu awe amevuka inchi 40.

Kanda ya kaskazini ya kati ndiyo yenye funzo. Humo maziwa yalikuwa yamejaa paiki wadogo waliokonda, ambao wavuvi wa huko huwafananisha na mpini wa nyundo. Kanuni ya zamani ya samaki watatu ilikuwa imewafanya wavuvi wawaache wadogo na kuwachukua wa kati na wakubwa, yaani wale ambao wangewala hao wadogo na kuwapunguza. Kanuni mpya iliigeuza hali hiyo. Mvuvi wa ndoana aliruhusiwa samaki kumi, lakini wote wa inchi 22 hadi 26, kama sentimeta 56 hadi 66, warudishwe, na wasizidi wawili walio juu ya inchi 26. Kwa maneno mengine, aliambiwa achukue wadogo kwa wingi, asiguse wa kati, na awe na kiasi kwa wakubwa. Samaki ni yuleyule, jimbo ni lilelile, lakini kipimo kinachofaa upande mmoja kingeharibu maji ya upande mwingine.

Wazee wenye mayai

Kuna sababu nyingine ya kumrudisha mkubwa. Zamani ilidhaniwa kwamba mayai ya samaki huongezeka kulingana na uzito wake, hivyo jike mmoja wa kilo kumi angelingana na majike kumi wa kilo moja moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, uliokusanya vipimo vya aina 342 za samaki wa baharini, ulionyesha kwamba kwa aina nyingi sivyo ilivyo: uzazi huongezeka kwa kasi kuliko uzito. Jike mmoja mkubwa hutoa zaidi ya jumla ya wadogo wenye uzito sawa naye. Matokeo hayo ni ya bahari, na hayapasi kupachikwa kwenye kila ziwa bila kupima. Hata hivyo yameipa nguvu hoja ya kuweka ukomo wa juu pamoja na ukomo wa chini, ili achukuliwe wa katikati, na mtoto na mzee waachwe.

Katika Ziwa Victoria fikra hiyo ilitumika kwa sangara (Lates niloticus). Samaki huyu aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, ijapokuwa Graham alikuwa ameonya mapema juu ya hatari ya kuleta mwindaji mgeni. Moja ya hoja za waliotaka aletwe ilikuwa burudani yenyewe: sangara ni mkubwa, hupigana na mshipi kwa nguvu, na huvutia wavuvi wa kigeni. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kwa ghafula, akawala furu wa aina nyingi hadi baadhi wakatoweka, kisha akawa msingi wa viwanda vya minofu kandokando ya ziwa. Kenya, Uganda na Tanzania, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994, zikakubaliana kwamba sangara wa kuvuliwa na kuingia viwandani awe kati ya sentimeta 50 na 85. Chini ya hapo wengi hawajakomaa. Juu ya hapo wengi ni majike wazazi, kwa kuwa madume ya sangara hukomaa yakiwa madogo kuliko majike, na majike makubwa hutaga mayai kwa mamilioni.

Hoja hiyo ni nzuri, lakini ina mikunjo miwili. Sangara mkubwa hula sangara wadogo, hivyo kumwacha jike mmoja ni kuwaacha pia wala-vifaranga. Faida ya mayai yake haina budi kupunguzwa kwa idadi anayoimeza. Tena sangara wengi wa biashara hunaswa na nyavu za usiku kucha, na mvuvi afikapo asubuhi hukuta maiti. Kumwamuru amrudishe majini sangara wa sentimeta 90 aliyekwisha kufa ni kumwamuru atupe chakula. Ukomo wa juu una maana kamili pale tu samaki anapofika mkononi akiwa hai, na hapo ndipo ndoana ya mvuvi wa burudani, kama yule aendaye kwenye maji ya Kisiwa cha Rubondo, inapoushinda wavu.

Inaushinda, ila si kila mara.

Safari ya kutoka vilindini

Samaki wengi wana kibofu cha hewa kinachowasaidia kuelea bila kuchoka. Katika trauti na paiki kibofu hicho kimeunganishwa na koo kwa mrija, na samaki akipanda juu huitoa hewa kama mtu apigaye mbweu. Sangara mzima hana mrija huo. Hewa yake huingia na kutoka polepole kupitia damu. Hapa mwanafunzi wa fizikia aikumbuke Kanuni ya Boyle. Kwenye kina cha mita 20 mgandamizo ni karibu mara tatu ya ule wa juu ya maji. Sangara akivutwa upesi kutoka kina hicho, hewa iliyomo ndani yake hutaka kuchukua nafasi mara tatu. Kibofu huvimba, tumbo hujaa, macho hutoka, na pengine kibofu hupasuka. Mvuvi humpima, humwona amezidi kipimo, humrudisha kwa heshima zote, na samaki huelea kwa ubavu hadi tai-mlasamaki amwone. Sheria imetimizwa na samaki amekufa. Kwa samaki wa aina hii, mwenye nia ya kuwarudisha hupaswa kuvua kwenye maji ya kina kifupi.

Trauti naye ana udhaifu wake. Samaki huyu wa mito ya baridi, aliyeletwa kwenye milima ya Kenya tangu mwaka 1905 kwa ajili ya burudani tu, huhitaji oksijeni nyingi. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 10 za Selsiasi huweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama miligramu 7.5 tu. Samaki aliyepigana na mshipi amejaza misuli yake asidi, naye huhitaji oksijeni kama mkimbiaji aliyemaliza mbio. Kumweka hewani wakati huo, ili apimwe na kupigwa picha, ni sawa na kumziba pua mkimbiaji huyo. Katika jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 1992, R. A. Ferguson na B. L. Tufts waliwachosha trauti kisha wakawatoa majini kwa muda. Waliochoshwa bila kutolewa majini, 88 katika kila 100 walikuwa hai baada ya saa 12. Waliokaa hewani sekunde 30, walibaki 62. Waliokaa dakika moja, walibaki 28. Maabara si mto, na majaribio ya mitoni mara nyingi yametoa vifo vichache kuliko hivyo. Lakini mwelekeo wa jambo uko wazi. Ndiyo maana ubao wa kupimia hulowanishwa mapema na mikono pia, ndoana hukatwa kikosi chake ili itoke upesi, na samaki aliyemeza ndoana hadi tumboni hukatiwa mshipi badala ya kuchokonolewa.

Jambo hilo lina uzito katika kutunga kanuni. Ikiwa nusu ya wanaorudishwa hufa, kipimo kikubwa cha chini huweza kuwa cha hasara kuliko kutokuwa na kipimo: mvuvi huwarudisha wanne wadogo, wawili kati yao wakafa, ndipo ampate mmoja wa halali. Angeruhusiwa kumchukua wa kwanza na kwenda zake, ziwa lingepoteza mmoja badala ya watatu.

Idadi kwa siku

Kanuni ya idadi ndiyo inayopendwa na wengi, kwa kuwa ni rahisi kueleza na inaonekana kuwa ya haki. Nguvu yake, hata hivyo, ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Uchukuliwe mfano mwingine wa kubuni. Kati ya wavuvi 100 wanaofika ziwani siku moja, 60 hupata samaki mmoja mmoja, 25 hupata wawili wawili, 10 hupata wanne wanne, na 5 hodari hupata wanane wanane. Jumla ni samaki 190. Ikiwekwa kanuni ya samaki sita kwa mtu, wanaoguswa ni wale watano tu, na jumla hushuka hadi 180. Ikishushwa hadi watatu, jumla huwa 155. Hata ikiwekwa kanuni kali kabisa ya samaki mmoja kwa mtu, jumla huwa 100, ambayo bado ni zaidi ya nusu ya mwanzo. Na wavuvi wakiongezeka kuwa 200 chini ya kanuni ya watatu, ziwa litatoa samaki 310. Kanuni ya idadi humzuia mtu mmoja, haizuii umati. Ziwa linalotembelewa na watu wengi huhitaji pia leseni zenye ukomo, au msimu wa kufunga uvuvi samaki wanapotaga.

Kanuni ya idadi ina kazi nyingine isiyohusu hesabu ya mayai, nayo ni kugawana. Hapa Afrika Mashariki mpaka kati ya burudani na riziki ni mwembamba. Mtoto aketiye juu ya daraja na fimbo yenye uzi hafanyi mchezo. Huenda anatafuta kitoweo cha jioni. Kipimo kilichotungwa kwa ajili ya mgeni mwenye boti na friji hakimstahili mtoto huyo bila kufikiriwa upya, na mtunga kanuni anayewaweka katika fungu moja hataheshimiwa na yeyote kati yao.

Kupima kwa rula na karatasi

Shule iliyo karibu na mwalo au bwawa inaweza kuzichunguza kanuni hizi yenyewe kwa gharama ndogo. Kwanza ikubaliwe ni urefu upi unaopimwa. Trauti ana mkia wenye panda kidogo, hivyo pana urefu wa hadi kwenye panda na urefu wa hadi ncha; mkia wa sangara ni wa mviringo na hauna panda, kwa hiyo hupimwa hadi mwisho. Samaki wapatao mia mbili wakipimwa bila kuchaguliwa, wadogo kwa wakubwa, na kila mmoja akaandikwa katika fungu lake la sentimeta mbili mbili, mchoro wa nguzo utaonyesha nundu na mabonde. Kila nundu kwa kawaida ni kundi lililozaliwa karibu wakati mmoja. Nguzo zikiporomoka ghafula mara tu baada ya kipimo cha kisheria, yaelekea wavuvi wanawachukua samaki wote pindi wanapofikia kipimo. Zikirundikana chini ya kipimo na samaki wenyewe wakiwa wamekonda, yaelekea wamedumaa.

Umri ni mgumu zaidi. Huko Minnesota majira ya baridi huacha alama ya kila mwaka katika magamba na katika vijiwe vya masikio ya samaki, nazo huhesabika kama duara za mti uliokatwa. Karibu na ikweta hakuna majira ya baridi, na alama hizo huwa hafifu au hutokea zaidi ya mara moja kwa mwaka. Watafiti wa maziwa ya nchi zetu wametumia zaidi njia ya kurudia vipimo mwezi hadi mwezi na kuifuata nundu ileile inavyosogea. Nundu ikiwa kwenye sentimeta 22 mwezi Januari, na mwezi Mei ikaonekana kwenye sentimeta 26, samaki hao wameongezeka sentimeta moja kwa mwezi, na hesabu ya kundi inaweza kuanza.